Kobe aliyeachwa na mpangaji: nilivyomtunza, na unachopaswa kujua kabla hujamwokota wako

Najua wengi mnasubiri ile sehemu ya pili ya chanjo ya mdondo niliyoahidi. Ipo, itakuja wiki ijayo. Leo naomba tuongee kuhusu mnyama asiyetoa maziwa, asiye na mayai ya kuuza, na ambaye sheria hairuhusu hata kumuuza mwenyewe. Ni kobe. Tangu Machi mwaka huu watu wa kata yangu wameniona nikikata nyasi za kobe asubuhi kabla ya kwenda kazini, na maswali yamekuwa mengi kuliko ya mbuzi. Watu watatu wa vijiji vya jirani wamenipigia simu kusema nao wana kobe nyumbani, mmoja wao yuko naye tangu 2016. Kwa hiyo hili siyo jambo langu peke yangu.

Huyu wa kwangu aliachwa na mpangaji. Mtumishi mmoja alihamishwa, akapakia vitu vyake kwenye fuso usiku, na asubuhi mama mwenye nyumba akakuta kobe amefungwa kwa waya kwenye karo la kufulia. Aliponipigia aliniambia, "Mwanangu, njoo umchukue mnyama wenu." Kwake yeye bwana mifugo ndiye mwenye wanyama wote, wa kufugwa na wa porini. Nikaenda na pikipiki.

Nakueleza nilichokikuta kwa sababu ndivyo utakavyowakuta kobe wengi wa majumbani. Alikuwa kobe wa madoa, wale wa njano na nyeusi tunaowaona huku Dodoma wakivuka njia mvua zikianza. Urefu wa gamba ulikuwa sentimita 18. Ukingo wa nyuma wa gamba ulitobolewa, nadhani kwa msumari wa moto, waya ukapitishwa, na tundu lilikuwa linatoa usaha. Juu alipakwa rangi ya mafuta, rangi za timu ya mpira. Timu yenyewe sitaitaja, nisije nikapoteza nusu ya wasomaji. Gamba halikuwa mviringo laini kama la kobe wa porini, lilikuwa limeota vilima vilima. Nilipobonyeza gamba la tumboni kwa kidole gumba, lilibonyea kidogo. Macho yamevimba. Pembeni yake kulikuwa na sahani ya ugali wa jana.

Mama mwenye nyumba alinihakikishia kwamba huyo mpangaji alikuwa akimlisha vizuri: ugali kila siku, na sikukuu wali na dagaa. Wala hakuwa anadanganya. Mtu alimpa mnyama chakula anachokula mwenyewe, akaona ametimiza.

Hapo ndipo kobe anapotofautiana na mifugo yetu. Kuku ukimkosea chakula, ndani ya wiki mbili umeshaona kwenye mayai. Ng'ombe utaona kwenye maziwa kesho yake. Kobe unaweza kumlisha vibaya miaka mitatu na bado anatembea, na wewe unasema mbona mzima. Mwili wake unakwenda polepole, kwa hiyo hata kufa anakufa polepole, na halii. Na ukianza kumtibu, usitegemee kuona tofauti baada ya siku tano kama ulivyozoea sindano ya mbuzi. Ukiingia kwenye kazi hii ukiwa na haraka, utabadilisha dawa tatu kwa mwezi na utamuua wewe.

Kabla ya chakula na dawa, karatasi. Kobe ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kukutwa naye bila kibali ni kosa, hata kama umemwokota barabarani au umepewa zawadi na shemeji. Siku ileile nilimpigia afisa wanyamapori wa wilaya, nikampelekea picha, na mtendaji wa kijiji akaandika kwenye daftari lake nani alimkuta, wapi na saa ngapi. Afisa alikuja siku ya nne, akamwona, akaniambia kwa hali ile hasafirishwi kwenda popote. Akaniandikia barua ya kukaa naye kwa muda hadi apone. Barua hiyo ninayo. Wewe huenda usiruhusiwe kukaa naye, pengine watamchukua siku hiyohiyo, na ni sawa. Lakini anza na simu. Wale watu watatu walionipigia nimewaambia hivyohivyo, na mmoja amekasirika.

Siku ya kwanza sikumpa chakula kabisa. Nilimpa maji. Nilichukua beseni pana, nikaweka maji ya uvuguvugu yanayofika chini ya kidevu chake akiwa amesimama, nikamwacha humo dakika ishirini nikiwa nimekaa pembeni. Usimwachie maji ya kina. Kobe wa nchi kavu, mwenye miguu mizito kama ya tembo, haogelei. Wapo watu wanaomtumbukiza kwenye ndoo wakidhani ni sawa na yule wa bwawani mwenye ngozi kati ya vidole, na wanamtoa amekufa. Wangu aliingiza kichwa akanywa muda mrefu hadi nikashangaa. Nilimpima kwa mizani ya muuza karanga kabla na baada: gramu 1,150, kisha gramu 1,230. Gramu 80 zote ni kiu.

Hapo kuna jambo la kukumbuka hata kwa kobe wa porini. Kobe huhifadhi maji kwenye kibofu kwa ajili ya kiangazi. Ukimnyanyua ghafla akashtuka, anakojoa, na ile ndiyo akiba yake ya miezi. Ukimkuta anavuka barabara na unaogopa atakanyagwa, mshike pembeni kwa mikono miwili, mpeleke chini chini upande uleule aliokuwa anaelekea, muache. Usimrudishe alikotoka, ataanza safari upya. Na usimpeleke nyumbani.

Tundu la waya lilinichukua wiki sita. Watu wanaamini gamba ni kama nyumba aliyoivaa, kwamba ukitoboa haumii. Gamba ni mfupa. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, na juu yake kuna tabaka kama la kucha. Lina damu na lina mishipa ya fahamu. Kulitoboa ni kutoboa mfupa wa mnyama aliye hai. Nilikata waya kwa koleo, nikaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha iodini iliyozimuliwa, kila siku moja, na nikamweka kwenye gazeti safi badala ya udongo mpaka pakauke, inzi wasitage. Rangi sikuitoa kwa petroli wala tina, maana vitu hivyo vinapita na kuingia mwilini. Niliibandua kidogo kidogo kwa ukucha kila akitoka kuoga. Mpaka leo bado ana madoa mawili ya timu.

Sasa nisikilize vizuri wewe mwenye duka la pembejeo na wewe mwenye kisanduku cha dawa nyumbani. Wiki ya pili jirani yangu, mfugaji mzuri tu, alikuja na sindano tayari. Alikuwa ameona kupe wawili kwenye kwapa la kobe, akasema tumchome ivermektini tumalize kupe na minyoo kwa mara moja. Kwa ng'ombe angekuwa sahihi. Kwa kobe ivermektini ni sumu, inapoozesha mwili na inaua. Hakuna dozi ndogo ya kujaribu. Usimchome, usimpake, na usimwogeshe kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kupe watoe kwa kibanio, mmoja mmoja, uwachome moto. Jirani alirudisha sindano mfukoni, lakini najua angemkuta mke wangu peke yake ingekuwa mazungumzo mengine.

Na hao kupe usiwadharau. Kuna aina za kupe zinazopenda kobe ambazo zina uwezo wa kubeba ugonjwa wa maji moyo, uleule unaoua mbuzi na ndama. Mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe wa madoa kutoka Afrika kwa sababu hiyo, wakihofia ng'ombe wao. Kwa hiyo kobe aliyetoka mbali ukimtupa kwenye zizi la mbuzi, hujafuga kobe peke yake. Mzee mmoja hapa kwetu alinishauri nimweke zizini kwa sababu kobe hufukuza mikosi kwenye mifugo. Sikubishana naye. Nilimwambia huyu anafukuzwa yeye kwanza na kupe wake.

Chakula sasa. Kobe wa madoa ni mla nyasi, karibu kama ng'ombe, lakini yeye anachagua na anakula taratibu kutwa. Nilimkatia ukoka, nikamchanganyia mchunga, ambao kwa bahati unaota kila mahali penye shamba la mtama, na majani ya viazi vitamu kidogo. Mara moja kwa wiki kipande cha mpungate nilichokwangua miiba. Siku tatu za kwanza hakugusa, alikuwa anatafuta ugali. Mnyama aliyezoeshwa ugali ni kama mtoto aliyezoeshwa soda. Siku ya nne alinusa mchunga, akauma, akaacha. Siku ya sita alikula jani zima.

Ugali, mkate, wali, pumba, maziwa, dagaa, nyama, chakula cha mbwa: hapana. Protini nyingi inamharibia figo, na wanga unamharibia tumbo lililoumbwa kwa nyasi. Mchicha usiwe chakula cha kila siku kwa sababu una asidi inayokamata kalsiamu isifike kwenye mifupa. Majani ya nyanya na majani mabichi ya mhogo usimpe. Na usikate nyasi pembezoni mwa bustani iliyopigwa dawa juzi. Unayoijua ratiba ya dawa ya bustani hiyo ni wewe, kobe haijui.

Kubonyea kwa gamba kunatokana na kukosa kalsiamu na kukosa jua kwa pamoja. Kalsiamu peke yake haitoshi, bila jua mwili hauwezi kuitumia. Huyu alikuwa amefungwa kwenye karo lililo chini ya mwembe, hakuona jua la moja kwa moja isipokuwa dakika chache jioni. Maganda ya mayai nilichemsha, nikakausha, nikatwanga yakawa unga, nikanyunyiza kwenye nyasi mara tatu kwa wiki. Nikamwekea na kipande cha mfupa mkavu wa ng'ombe, na anakiguguna kweli. Porini kobe hawa hutafuna mifupa waliyoikuta, hata kinyesi cheupe cha fisi, kwa sababu hiyohiyo ya kalsiamu. Jua alilipata kuanzia saa mbili asubuhi. Lakini lazima awe na kivuli cha kukimbilia, kwa sababu kobe hana jasho. Saa saba ya Oktoba kwenye sementi isiyo na kivuli inamuua mchana mmoja.

Uzio nilijenga kwa tofali za kuchoma, mistari minne, mita nne kwa tatu, nusu nyasi nusu udongo mkavu. Usitumie wavu. Kobe akiona upande wa pili atasukuma kutwa mpaka ajichubue kichwa, ila ukuta asiouona nyuma yake anauheshimu. Kwa kulala ni pipa la plastiki lililopasuliwa nusu, limelazwa, na nyasi kavu ndani. Juni na Julai nilimwingiza ndani kila jioni kwenye boksi, baridi yetu ya usiku mnaijua, na kobe mwenye baridi tumbo lake linasimama. Usimchanganye na kuku, watamdonoa macho. Mbwa ndiye adui mkubwa zaidi, anamtafuna kama mfupa.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimgusa, na vyombo vya kobe visioshwe jikoni. Kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuumwa, halafu mtoto akaharisha wiki nzima na lawama zikaangukia maandazi ya jirani.

Nimetaja watoto kwa sababu yupo mmoja. Mjukuu wa mama mwenye nyumba, yuko darasa la pili, alianza kuja kwangu wiki ya kwanza. Anasimama kwenye uzio, "Shikamoo bwana mifugo," halafu kimya. Baada ya siku kadhaa akanieleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimpa majani ya viazi kwa siri, kila mpangaji akienda kazini, kwa sababu aliona ugali unabaki. Mimi nasema mtoto yule ndiye aliyemfikisha kobe hai mpaka Machi. Tangu hapo kila Jumamosi tunampima pamoja na yeye ndiye anaandika. Daftari lake linaonyesha mambo ambayo mimi ningeyasahau: miezi miwili ya mwanzo uzito haukusogea kabisa, Mei gramu 1,240, Julai ulishuka kidogo kwa baridi, Agosti ukaanza kupanda. Jumamosi iliyopita, katikati ya Novemba, ilikuwa gramu 1,480. Macho yalifunguka vizuri mwezi wa Mei. Gamba la tumboni liliacha kubonyea Septemba. Vile vilima havitaondoka, hiyo ni alama ya maisha. Kinachoota sasa pembeni ya kila kipande cha gamba ni tambarare, na ndicho cha kuangalia.

Mfanyabiashara mmoja anayepita kununua kuku wa kienyeji alimwona, akanipa bei: elfu hamsini, taslimu, na akaniambia yupo mtu mjini anawakusanya. Nilimwonyesha barua ya afisa wanyamapori akaondoka, na namba ya pikipiki yake nimeipeleka panapohusika. Ndugu mfanyabiashara, biashara hii usiiguse hata kwa kubeba tu. Mwenye mzigo huwa haonekani, anayekamatwa ni mbebaji. Na kobe hawawahi kujazia. Anachukua miaka mingi mpaka atage, na mayai yake yanaweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka kabla ya kuanguliwa. Mnakijua kisiwa cha Changuu pale Unguja. Wale kobe wakubwa walianza na wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaliana vizuri, halafu wizi ukawapunguza mpaka 1996 wakabaki saba. Hao walikuwa kisiwani, wanalindwa.

Wengine wameniuliza kwa nini nisimwachie tu porini, si ni kwao. Kobe aliyekaa na watu anaweza kubeba mafua ya kobe akayapeleka kwa wenzake ambao hawajawahi kuyapata. Na huyu hatujui alitolewa wapi. Kumtupa kwenye kichaka cha karibu ni kumwacha mara ya pili. Uamuzi huo ni wa maafisa wanyamapori, wanajua maeneo na wana utaratibu wa kumkagua kwanza.

Kwa walio na mashamba, huu ndio msimu ninaouogopa. Mkiandaa mashamba Novemba hii mnachoma. Nimesema mara nyingi moto unakuibia rutuba, leo naongeza hili: kobe hawezi kuukimbia moto, anaingia kwenye gamba na kusubiri. Kama utachoma hata hivyo, tembea kwanza, kagua chini ya vichaka na pembezoni mwa vichuguu, kisha uwashe kwa upande mmoja tu. Ni kazi ya nusu saa kwa ekari.

Huyu wa kwangu atakabidhiwa Januari, mvua zikiwa zimeshika na nyasi zipo. Tumekubaliana hivyo na afisa kwa simu wiki hii. Jumamosi nilimweleza mtoto baada ya kupima. Aliandika gramu zake, akafunga daftari, akakaa. Kisha akaniuliza kama huko anakopelekwa kuna mchunga. Nikamwambia sijauliza. Akasema, "Uliza." Jumatatu nampigia afisa.